Jenereta Mbili na Mayai ya Dada

Kama kuna mtu ninayemwonea fahari katika kazi yangu ya umeme, ni yule mama aliyekuwa akininyang'anya wateja mchana kweupe. Jenereta yake ilikuwa juu, nyuma ya soko la Giteranyi. Yangu ilikuwa chini, ukishuka kama unakwenda kwenye mashine ya kusaga. Yeye alitoka Kivu ya Kusini, mfanyabiashara wa vitenge na ndagala, yaani dagaa, na alikuwa na sauti ya kumwita mtu aliye kilima cha pili. Mimi nilitoka Tanzania. Wenyeji walituita abahungutse, yaani waliorudi, hata sisi tuliozaliwa kambini na ambao hatukuwahi kuondoka hapa.

Kwetu hasa ni Gishubi, mkoa wa Gitega. Amani ilipotulia tulirudi na magodoro, sufuria na Kiswahili chetu cha kambini, tukakuta shamba la baba limegawanywa na ndugu mpaka kwenye mashina ya migomba. Hatukugombana sana. Baba alipewa kipande, kaka zangu wakapewa vipande vya hicho kipande, na sisi wasichana tukapewa pole. Dada yangu mkubwa, aliyefiwa na mumewe kule kule Tanzania, akabaki Gishubi akilima kwa watu. Mimi nilikuwa mdogo na hasira zangu ziko karibu. Nikasema sitalima kwa mtu, nikaenda Gitega mjini kujifunza ufundi. Kulikuwa na nafasi za kushona na nafasi za umeme. Kwenye kushona foleni ilizunguka nyumba. Nikachagua umeme kwa sababu sipendi foleni.

Mwalimu wetu wa Gitega alikuwa mtu wa Kifaransa kingi na chaki kidogo, na nilimpenda. Siku aliyotufundisha kwamba umeme una nguvu za aina mbili, nusu ya darasa ilikuwa inasinzia. Nguvu ya kwanza, alisema, ndiyo inayowasha taa, inayopasha moto na kusaga unga. Hiyo mita inaihesabu na mteja anailipia. Ya pili haifanyi kazi yoyote unayoweza kuionyesha kwa kidole. Mota haziwezi kuzunguka bila hiyo, na volti zikiikosa zinaanguka, lakini mita za kawaida haziioni. Yeye aliiita reaktifu. Mimi tangu siku ile naiita nguvu ya kushikilia, kwa sababu ya mparachichi.

Alipoona tunasinzia alitutoa nje, akamwambia mwenzetu mmoja apande ngazi achume maparachichi, na mwingine aishike ngazi chini. Yule wa juu akachuma, tukala. "Huyu aliyeshika amechuma mangapi?" mwalimu akauliza. Tukasema hakuna. "Basi mwambieni aiachie." Ngazi ikayumba, yule wa juu akapiga kelele za kumwita mama yake, nasi tukacheka mpaka usingizi ukaisha. Kisha akasema mambo mawili ambayo sijayasahau. La kwanza, anayeshika hawezi kuchuma, mikono yake imejaa. Vivyo hivyo jenereta ikitoa nguvu nyingi ya kushikilia inapata moto, na ni lazima ipunguze ile inayouza. La pili, huwezi kushika ngazi ya Gitega ukiwa umesimama Muyinga. Nguvu hii haipendi safari. Hutolewa pale pale inapohitajika.

Nikaolewa mkoani Muyinga, kwenye Giteranyi hii. Mume wangu ni mtu wa Giteranyi, naye amerudi kutoka Tanzania, na wakati ule alikuwa akivusha mizigo kwa baiskeli hadi karibu na mpaka. Tulinunua jenereta yetu ikiwa imeshazeeka. Ilikuja juu ya lori la vitunguu, na kwa muda mrefu kila ilipopata moto ilinuka vitunguu, hata wateja wakawa wanauliza tunapika nini.

Nguzo za Giteranyi zilisimikwa na wananchi wenyewe kwenye kazi za pamoja za Jumamosi, kwa hiyo laini ilikuwa mali ya chama cha watumiaji. Kuuza umeme kwenye laini hiyo ilikuwa ruhusa kwa yeyote mwenye jenereta, na tulikuwa wawili: mimi na yule mama wa juu. Kila mwezi ulipoandama tulisimama mbele ya watu, kila mmoja akataja bei yake. Mwenye bei ndogo alibeba mzigo mkubwa wa umeme, mwenzake akajaza pengo, na kila mtu akalipwa kwa kadiri ya mita yake. Huo ndio ulikuwa ushindani wetu, na mama wa juu aliucheza kama mtu aliyezaliwa sokoni. Alijua saluni ipi inataka kupunguziwa, mtoto wa nani ana surua, na nani akisalimiwa kwanza atanunua hata kama bei imepanda. Mimi nilijua waya.

Kila asubuhi yeye aliwasha kwanza, kisha mimi nikaiunganisha yangu na laini ileile. Kuunganisha jenereta mbili si kupiga swichi tu. Ukutani kuna balbu tatu. Zinawaka na kufifia pamoja, polepole, wakati jenereta zinatafutana, na ni pale zinapozimika zote ndipo unapiga swichi. Ukikosea utasikia mshindo hadi tumboni. Mume wangu alikuwa akisema nafunga ndoa na yule mama kila asubuhi, na mchana nadai talaka.

Talaka ililetwa na mashine ya kusaga. Ilikuwa hatua chache kutoka kwangu, na mota yake ilikuwa kubwa. Msimu wa mavuno wanawake walishuka na mahindi na mihogo mikavu kutoka vilima vyote, na jua likipita utosini mota ilianza kunguruma mpaka jioni. Ilipoanza tu, ilidai nguvu ya kushikilia, na aliyekuwa karibu ni mimi. Nikageuza kitasa changu cha volti, nikaipa. Jenereta ikapata moto, nikalazimika kupunguza mzigo niliokuwa nimebeba, na mzigo ule ukapanda kilima ukaenda kwake. Mita yake ikazunguka. Yangu ikatambaa. Mwisho wa mwezi yeye alilipwa kwa maparachichi yote, na mimi niliyeshika ngazi sikupata hata ahsante, kwa maana hakuna aliyejua kwamba kuna kitu nilikuwa nimeshika.

Ningeweza kuiachia. Mume wangu alinishauri hivyo zaidi ya mara moja. Nikiiachia, yeye juu hatajua kitu, ila taa zote za chini zitakuwa nyekundu na zitalala. Na huku chini, kabla sijaamua lolote, alikuja kuishi dada yangu.

Dada alikuja kutoka Gishubi na matrei ya mayai. Si mayai ya kula. Yalikuwa mayai ya kuku wa mbegu nzuri, waliokaa na jogoo, aliyoyanunua Gitega kwa akiba yake yote. Aliyapakata njia nzima, akakataa mtu yeyote kuyashika, na aliposhuka kwenye gari magoti yalikuwa yamekufa ganzi, tukamshika mikono kama bibi harusi. Kambini alikuwa amejifunza kutotolesha vifaranga kwa sanduku la balbu. Akaligonga sanduku lake la mbao nyembamba nyuma ya nyumba yetu, akafunga balbu ndani, akaweka bakuli la maji na kipimajoto. Umeme ulipozimwa jioni aliweka chupa za maji ya moto na kulifunika sanduku kwa mablanketi. Mchana aliutegemea umeme wangu, maana mchana alikuwa shambani.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Dada yangu alilichukua jembe siku ya kwanza, tena bila kupewa, mpaka tukaona aibu mbele ya majirani. Hakutaka kuwa mgeni. Alitaka kuku wake, kisha kibanda chake, kisha mlango ambao yeye ndiye angemfungulia mtu. Sanduku halikutosha mayai yote, basi akaweka nusu kwanza, na nusu nyingine akaiacha mahali penye ubaridi. Yai la kutotolesha linangoja siku kadhaa tu. Likipitiliza, ni la kukaanga.

Wiki ileile nilisimama kwenye mkutano wa chama nikadai haki yangu. Nilieleza ngazi, nikaeleza mparachichi, nikaeleza mota. Mwenyekiti wetu, mtu wa heshima na mpole, alinisikiliza mpaka mwisho. Akapendekeza mwenye mashine ya kusaga anilipe. Mwenye mashine akajibu kwamba yeye ataipeleka gharama kwenye mabeseni ya kina mama, na kina mama wakaguna, tukaliacha hilo. Ndipo mwenyekiti akapata neno lililomfurahisha kila mtu. "Hii ni ikibiri," alisema.

Ikibiri ni mpango wa majirani kulimiana. Leo wote mko kwangu, kesho wote tuko kwako. Hakuna anayemlipa mwenzake. Unachotakiwa ni kufika zamu yako inapofika. Basi, mwenyekiti akasema, kina mama hawa wawili nao washikiliane: wiki hii mmoja, wiki ijayo mwingine. Watu wakapiga makofi. Hakukuwa na njia ya haki kuliko hiyo, na vilima vyetu vimelimwa hivyo tangu zamani.

Nikasema haiwezekani, kwamba yeye yuko mbali, kwamba nguvu hii haisafiri. Watu wakacheka. Mmoja akasema, "Mwenzenu anakwepa zamu." Nilitaka kumjibu, nikaona mama wa juu ananiangalia. "Mi sina shida," alisema. "Zamu iko zamu. Jumatatu naanza." Na kweli akaanza.

Usiku ule dada ndiye aliyenituliza. Nilikuwa naapa kwamba nitaendelea kushikilia kwa siri, wapende wasipende. Akakataa kabisa. "Sisi ni watu wa juzi hapa," aliniambia. "Wametupa ikibiri yao, na wewe unataka kuikataa siku ya kwanza? Watasema waliorudi hawajui kuishi na watu. Iwe zamu. Volti zikishuka nitaongeza balbu." Nadhani ni mtu aliyerudi tu anayeweza kufanya kosa hilo, kuheshimu desturi kuliko mwenye desturi mwenyewe.

Wiki ya mama wa juu sitaisahau kwa vichekesho vyake, na sitaisahau kwa machungu yake. Alikuwa ameahidi kushikilia, na hakuwa mtu wa ahadi nusu. Mashine ya kusaga ilipoanza akageuza kitasa chake mpaka mwisho. Juu sokoni balbu zikawaka kama jua, kisha zikaanza kupasuka. Ilipasuka ya baa, ikapasuka ya duka la dawa, kinyozi akaruka nyuma na mashine yake ya nywele mkononi na mteja akabaki amenyolewa upande mmoja, na kinanda cha kanisa kikatoa moshi katikati ya mazoezi ya kwaya. Huku chini, karibu na mota, taa zilibaki nyekundu vilevile. Nguvu yote ile ilikuwa imechoka njiani.

Dada akaongeza balbu kama alivyosema. Siku ya kwanza ikasaidia. Siku iliyofuata mkanda wa mashine ya kusaga ukakatika ghafla, mota ikasimama, volti zikaruka juu, na balbu zote za ndani ya sanduku zikawaka kwa ukali. Dada alikuwa shambani. Aliporudi kipimajoto kilikuwa kimepanda mahali ambapo yai halivumilii. Akatoa balbu moja. Kesho yake mota ikaanza tena, baridi ikaingia. Ikawa hivyo wiki nzima, yai leo linaungua, kesho linaganda.

Akayapima. Alikuwa na kopo lenye tundu na balbu ndani. Unaweka yai juu ya tundu, mwanga unapita, na kama kuna uhai unaona mishipa midogo imetanda. Alilichukua moja, akaliweka pembeni. Akachukua la pili, la tatu. Mimi nilisimama nyuma yake na sikuona mshipa hata mmoja, niliona madoa tu. Akafika hadi la mwisho. Aliyazika yote chini ya migomba, akanawa mikono, akaketi kizingitini.

"Yamebaki yale ya akiba," alisema. "Ni lazima yaingie sandukuni leo au kesho. Yakifa na hayo, narudi Tanzania."

Nikamwuliza atafanya nini kule.

"Nitalima kwa watu."

"Hata hapa unaweza kulima kwa watu, dada."

"Kule nikilima kwa mtu ni kazi tu," akasema. "Hapa ni kwetu. Hapa nikilima kwa mtu, nalia."

Niliingia ndani nikalia mimi. Mayai sasa hayakuwa mayai tu. Yalikuwa yeye kubaki au kuondoka, na mtu wa kumshikia alikuwa mimi, nikiwa nimefungwa mikono na zamu.

Alasiri ile, mota ikiwa inanguruma, mama wa juu aliteremka kilima. Nilimwona kwa mbali na kitenge chake cha njano, nikajiandaa kwa vita. Nilidhani amekuja kudai balbu zake zilizopasuka. Hakunisalimu sana. Alisema amesikia mayai ya mkimbizi mwenzake yamekufa katika zamu yake, na anataka kuona kwa macho. Dada akamkaribisha nyuma ya nyumba. Yule mama akapiga magoti mchangani na kitenge chake kizuri, akachungulia ndani ya sanduku ambalo dada alikuwa analijaribu kabla ya kuweka mayai ya akiba. Wekundu wa balbu ukampiga usoni.

"Hii ampule iko inalala," alisema. "Kule yulu zinapasuka, uku zinalala. Na iko zamu yangu! Donc zamu yangu iko ya bure."

"Nilisema kwenye mkutano, mama," nikamwambia, na sauti yangu haikuwa nzuri.

"Ulisema, mdogo wangu. Lakini ulisema na hasira. Mutu akisema na hasira, watu wanasikia hasira tu." Akajipangusa magoti, akamgeukia dada. "Yaya, dada mkubwa, mi nakuuliza. Ku ikibiri yenu, mwanamke mwenye mimba kubwa, asiyeweza kuinama, anafanya nini?"

Dada akashangaa, lakini akajibu. "Hafiki shambani. Anabaki anawapikia wanaolima."

"Na zamu yake ikifika, banamulimia shamba yake?"

"Wanamlimia. Kupika kwake ni kulima."

"Bon," alisema mama wa juu. "Mi niko na mimba."

Nilimtazama tumbo, naye akacheka kile kicheko chake cha kilima cha pili. "Hapana mimba ya mtoto! Mi niko mbali, ndiyo mimba yangu. Siwezi kufika uku chini kushika. Basi we utashika siku zote, na mi nitapika."

Nikamwuliza kupika kwake ni nini. Akaketi kizingitini karibu na dada, akanieleza taratibu, kwa vidole. Saa za kusaga, mzigo ninaolazimika kuuacha unakwenda kwake. Sivyo? Ndivyo. Mita yake inauhesabu, naye analipwa. Basi ule mzigo wa saa za kusaga, alisema, si wake. Ataubeba, maana mimi nina mikono iliyojaa, lakini malipo yake yatakuwa yangu. Atakata mafuta aliyoyachoma tu. "Kinachobaki ni chako, kwa sababu we ndiye ungeuza, kama haungekuwa unashika."

Mimi kwenye mkutano nilitaka nilipwe kwa kushika, na nikashindwa kusema kushika kuna thamani gani, kwa kuwa hakupimiki kwa mita yetu. Yeye hakujihangaisha na thamani ya kushika. Aliuliza tu yule aliyeshika alikosa nini, akamrudishia. Miaka ya baadaye, kwenye mafunzo Gitega, nilimsikia mhandisi mgeni akieleza kwamba hata katika nchi zenye masoko makubwa ya umeme jambo hili limebishaniwa sana: jenereta inayoacha kuuza ili ishikilie volti ilipwe vipi. Wengine hulipa kwa kile ilichokosa kuuza, alisema, na wengine hawalipi kabisa. Nikainua mkono nikasema sisi Giteranyi tulilipana, na moyoni nilijaa fahari ambayo haikuwa yangu.

Na ieleweke kwamba hakuwa na vya kuchezea. Wengine walimwona tajiri kwa sababu ya vitenge na sauti. Alikuwa mkimbizi kama tulivyokuwa sisi, ila ukimbizi wetu ulikuwa umekwisha na wake ulikuwa unaendelea. Alikuwa na watoto wa kusomesha na nyumba ya kupanga, na msimu wa kusaga ndio uliokuwa unamlipa vizuri kuliko yote. Alichokuwa anakitoa ni nyama yenyewe, hakuwa anatoa mfupa. Hakuna kanuni iliyomlazimisha. Mkutano ulikuwa umempa zamu, alikuwa ameitimiza, na kama mtu angekuja kumlaumu, yeye angeweza kumwonyesha balbu zilizopasuka kama ushahidi.

Alikwenda mwenyewe kwa mwenyekiti jioni ileile, akamweleza habari ya mimba na kupika. Mwenyekiti alielewa mara moja. Ngazi yangu na mparachichi wangu havikumwingia, lakini mwanamke anayebaki jikoni wenzake wakilima alimjua tangu utoto. Watu wakaitwa, wakasikia, wakakubali, na safari hii walicheka vizuri. Aliyesema nakwepa zamu akaniletea mkungu wa ndizi. Baadaye sana vilikuja visanduku vya kufunga kwenye mota yenyewe ili iache kutudai, na mambo yakawa rahisi. Lakini msimu ule tulikuwa na kitasa changu na neno la yule mama.

Dada akaweka mayai ya akiba. Akaondoa balbu ya ziada, akaniambia, "Sasa niko mikononi mwako," akaenda shambani kama kawaida, maana kukaa kutazama yai hakuliwahishi.

Alasiri zile nilikuwa mtu mwingine. Nilisimama mbele ya jenereta mkono kwenye kitasa na macho kwenye sindano ya volti. Mota ilipoanza, nikapandisha. Iliposimama, nikashusha kabla balbu hazijajua. Niliujifunza mlio wa mashine ya kusaga mpaka nikawa natambua mahindi makavu na mihogo yenye unyevu kabla sindano haijatikisika. Jenereta ilipata moto, nikaupunguza mzigo wangu, na safari hii ulipopanda kilima sikuona uchungu. Mama wa juu aliubeba. Siku za soko, akiisha kufunga vitenge vyake, alipaza sauti kutoka juu, na Giteranyi nzima ikasikia: "Mayai inalala aje?" Nami nikajibu kwa sauti yangu yote kwamba yanalala vizuri.

Dada alipoyapima tena alinifukuza. Hakutaka nione uso wake kama kuna madoa. Nilisimama nje nikisikia kopo likigusa meza, yai hadi yai, na hakukuwa na sauti nyingine. Kisha akaniita. Akaweka yai juu ya tundu, na ndani mishipa ilikuwa imetanda, myekundu, na katikati kulikuwa na kitu kidogo sana kinachotikisika. Tulishikana tukacheka kama wasichana.

Yalipoanguliwa hakuja kuniamsha kwa kelele. Alikuja asubuhi, akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba, akaniambia niweke sikio kwenye mbao. Ndani walikuwa wanagonga. Mayai machache hayakufunguka, lakini mengine yalifunguka siku ile hadi kesho yake, vifaranga wakatoka wameloa na wachovu, wakalala juu ya pumba mpaka wakakauka na kufanana na kuku. Dada alilia wazi, bila kujificha. Mchana wake nilimkuta na mume wangu wanapima kwa hatua mahali pa kujenga kibanda, na habari ya Tanzania haikutajwa tena nyumbani kwetu.

Walipoota manyoya, aliwachagua wawili wenye nguvu kuliko wote. Akatandika kikapu, akawaweka ndani, akajifunga kitenge chake cha kanisani. Nilikuwa mlangoni, mikono myeusi kwa mafuta, nikidhani ananiletea mimi. Akanipita, akashika njia ya kupanda kilima.

"Na mimi je?" nikamwuliza. Nilijitahidi iwe utani, lakini ilinichoma kweli. Alasiri zote zile nilikuwa nimesimama mimi.

Dada akasimama, akakihamishia kikapu mkono wa pili.

"Wewe ni ndugu yangu," alisema. "Ungeniacha, ungeishi na nani? Yule angeweza kuniacha, mdogo wangu, na hakuna mtu ambaye angemlaumu."

Akaendelea kupanda, taratibu, vifaranga wakilia ndani ya kikapu. Nilimtazama mpaka akafika kwenye soko, kisha nikaingia kuwasha jenereta, maana wanawake wenye mahindi walikuwa wameanza kushuka.